Anti Somoe nisaidie: nataka kununua miwani ya VR initibu sonona, hela ni ya korosho ya baba

Shikamoo Anti Somoe. Mi ni kijana wa kiume, miaka 24, niko Mtwara mjini huku Shangani, jina langu naomba usiliweke maana mji wenyewe huu tunajuana. Nimemaliza chuo mwaka juzi, ualimu, Historia na Kiswahili, sasa hapo hadithi inavyoendelea ushaijua mwenyewe. Nimeomba ajira mpaka basi, usaili nimeitwa mara moja, majina yalipotoka langu halimo, nikarudi nyumbani. Mwanzoni nilikuwa poa tu, naenda na mzee shamba Nanyamba, jioni mpira, Ijumaa msikitini. Alafu sijui kilitokea nini, yani hakuna siku naweza kusema ndo ilianza, ni kama betri ya simu iliyochoka, umechaji usiku kucha imejaa, saa nne asubuhi unaangalia ipo ishirini.

Sa hivi ni kama miezi minne. Usiku sipati usingizi, watu wakiamka kuswali alfajiri mi ndo nasinzia, naamka saa saba mchana kichwa kizito kama nimebeba gunia. Nakula kwa vile mama atauliza. Juzi kachemsha ming'oko, na ming'oko mimi nilikuwa nagombania na dada zangu toka mdogo, nimekula miwili nikaona natafuna sabuni. Mpira siendi, grupu la washkaji la wasap nimelizima sauti. Mama anasema nimekuwa mvivu, mjomba anasema huyu kuna mkono wa mtu na kuna mtaalamu yuko Newala ataniangalia, baba yeye hasemi kitu, ananiangalia tu, na hiyo ndo inaniuma kuliko zote.

Sasa sababu ya kukuandikia. Mwezi uliopita alikuja binamu yangu anafanya kazi Dar, kaja na miwani ya VR, ile kubwa inaziba macho yote kama ya mzamiaji, ukivaa unaona kama upo ndani ya picha yenyewe, akanivalisha. Anti sijui nikuelezeje. Nilikuwa chini ya bahari, samaki wanapita pembeni ya sikio, kasa mmoja mkubwa kanijia usoni nikarudi nyuma nikagonga kabati. Dakika kama ishirini sikuwaza kitu chochote. Nikacheka, tena kwa sauti, mpaka dada akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuangalia nani anacheka. Nikavua. Nikaona ukuta wangu, msumari, na joho la mahafali limening'inia pale pale tangu niliporudi. Nikaanza kulia, binamu akadhani macho yameumia na ule mwanga.

Tangu siku hiyo usiku kucha nasoma mtandaoni. Nimeona Marekani na Uingereza wanatibu sonona kwa VR, wengine vijana wa umri wetu huu huu, na sehemu moja imeandikwa kabisa kwamba imeruhusiwa na mamlaka ya Marekani. Binamu anasema mpya anaweza kunipatia kwa laki tisa. Hela ninayo, yani sio yangu, malipo ya korosho yalipoingia baba alinipa milioni na laki mbili nianzishe kitu, kibanda cha kutoa pesa au nitangulize kwenye bodaboda. Ipo kwenye simu. Usiku nishafika mara mbili hatua ya kuandika namba ya siri nikatoka.

Hospitali nilienda, siitaji ipi. Nikamwambia mhudumu silali, akaniuliza una mchumba, nikasema sina, akasema oa utalala, wakacheka na mwenzake, nikapewa panadol. Sijarudi tena.

Anti, ninunue? Inatibu kweli au ni biashara? Na usiniambie nisali, nasali. Kuna usiku nawaza ningelala moja kwa moja nisiamke, nisimsumbue mtu tena, sina mpango wowote ila wazo linakuja tu lenyewe.

Kijana wa Shangani

ANTI SOMOE ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na mstari wako wa mwisho, maana umeuweka chini kabisa kama mtu anayesema "na kitu kingine kidogo" akiwa keshashika mlango, na mimi nimefanya uuguzi miaka 31 kabla sijastaafu, najua mgonjwa kilichomleta huwa anakisema akiwa mlangoni. Hilo wazo la kulala usiamke ni dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria, halikufanyi mtu mbaya wala asiye na imani. Leo unasema huna mpango, nakuamini. Ila siku likibadilika, ukaanza kuwaza lini na kwa namna gani, usisubiri kuche. Mwamshe dada yako, mwambie maneno haya haya, "nawaza kufa, nisindikize", na usiku huo huo mwende hospitali ya Ligula upande wa dharura. Usibaki peke yako chumbani hata nusu saa.

Nimemtaja dada kwa makusudi. Mtu anayeacha chungu jikoni aje na mwiko kuangalia nani anacheka, huyo miezi minne amekuwa anasikiliza hicho cheko kama kitarudi. Mwambie leo, sio mpaka hali iwe mbaya.

Na huyo aliyekwambia uoe utalala, nimeona aibu kwa niaba ya sare niliyovaa miaka yote hiyo. Basi. Utarudi hospitali, ila safari hii usianze na "silali", maana ukisema hivyo mtu mvivu anaandika panadol. Nenda Ligula au pale Mitengo hospitali ya kanda, ulizia kitengo cha afya ya akili, useme: nina miezi minne sina hamu ya kitu, usingizi umepinduka, chakula hakina ladha, na nawaza kufa. Yawezekana watakuuliza maswali tisa, kuna karatasi yake ipo na ya Kiswahili, inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, umekosa raha siku ngapi, umechoka siku ngapi, unajiona umeshindwa siku ngapi. Swali la tisa ndo hilo la kuwaza bora ufe. Vijana wengi hapo wanadanganya, wanaandika "hapana kabisa" kwa sababu mama kakaa pembeni. Mwombe mama akae nje kidogo. Wakikupa dawa, ujue dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadol, wiki mbili mpaka nne ndo unaanza kuona mabadiliko, usizitupe siku ya tano ukasema hazifai, na ukija kuzichoka usiache ghafla, rudi kwa aliyekupa.

Haya, miwani.

Sikucheki. Tena nikwambie, kitu kipo, sio uongo wa mtandaoni. Tiba ya VR ina umri kukuzidi wewe. Mwaka 1995 huko Atlanta, Marekani, wataalamu walitoa utafiti wa watu wanaoogopa kwenda juu, wakawavalisha hayo makofia wakawapandisha kwenye lifti na madaraja ya kwenye kompyuta, na woga ukapungua. Tangu hapo kwenye mambo ya woga VR imejijengea jina zuri, na ukifikiria unaona kwa nini: mwili unaogopa hata kama akili inajua ni picha (wewe mwenyewe uligonga kabati kwa kumkimbia kasa wa taa!), sasa ukibaki pale pale bila kukimbia, mwili unajifunza kwamba hakuna kilichotokea, kesho woga unapungua kidogo, keshokutwa unapungua tena.

Sonona ni jambo jingine kabisa mwanangu. Huogopi lifti. Sonona inakuvuta nyuma kidogo kidogo, leo mpira, kesho washkaji, keshokutwa ming'oko, mpaka unabaki wewe na ukuta na joho. Kwa hiyo usichukue sifa za VR kwenye woga ukazihamishia kwenye sonona. Na hiyo ruhusa ya Marekani uliyoisoma, ninayoijua mimi ni ya 2021, kweli mamlaka yao iliruhusu programu ya VR itumike kama tiba, ila ilikuwa ya maumivu sugu ya mgongo wa chini! Mgongo, mwanangu. Anayekuuzia anasema "VR imeruhusiwa Marekani" anaishia hapo hapo, na wewe usiku wa manane unamalizia mwenyewe sentensi unavyotaka.

Kwenye sonona yenyewe kuna utafiti mmoja naupenda mpaka nasikia vibaya kwamba ni mdogo. Ulitoka London 2016. Walichukua watu 15 wenye sonona, wakawavalisha miwani, mtu anajikuta yupo ndani ya mwili mwingine, mwili wa mtu mzima, mbele yake kuna mtoto analia. Anaambiwa ambembeleze. Anaongea naye taratibu, pole, usilie, kumbuka mtu au kitu kinachokupa raha, na yule mtoto ananyamaza kidogo kidogo. Alafu wanambadilisha. Sasa yeye ndo yule mtoto, kakaa pale chini, na mtu mzima anamwinamia anamwambia yale maneno aliyoyasema yeye mwenyewe dakika chache nyuma, kwa sauti yake mwenyewe. Dakika nane, mara tatu tu kwa wiki tatu. Baada ya mwezi watu 9 walisema sonona imepungua, na kati ya hao 4 imepungua sana. Sasa uzuri wake ndo huo, ubaya wake ni kwamba hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha, na mtu wa mafua ukimpa hata chai ya rangi baada ya wiki atakwambia imenisaidia. Watafiti wenyewe walisema bado ni mwanzo.

Lakini soma tena hilo zoezi. Kilichomgusa mtu ni nini pale? Ni kujisikia mwenyewe akijisemesha kwa huruma. Wewe barua yako yote hamna neno moja la huruma kwako. Kumhurumia baba umeweza, mama umeweza, hata kutoitaja hospitali umeweza.

Kingine ni watu wa chuo kikuu cha Stanford, California, hawa wamejaribu VR kwenye sonona kwa njia nyingine. Kuna tiba ya zamani inaitwa kwa lugha nyepesi tiba ya kujishughulisha, unapanga na mtaalamu vitu vidogo vya kufanya, unavifanya hata kama huna hamu, unaandika ulijisikiaje, kwa sababu kwenye sonona hamu haiji kwanza, unaanza kufanya ndo hamu inakuja nyuma yako inaburuza miguu. Wao wakasema kwa mtu asiyeweza hata kutoka, na kipindi cha Korona watu wamefungiwa, basi baadhi ya vitu avifanye ndani ya miwani. Watu wachache tu walijaribiwa, ila matokeo si mabaya. Sasa angalia kilichokuwepo ambacho kwenye boksi la laki tisa hakimo: kila wiki mtu wa Stanford alikuwa anaongea na mgonjwa, umefanya nini, kilikusaidia nini, wiki hii tuongeze nini. Hiyo miwani bila huyo mtu ni gemu. Gemu nzuri, sikatai.

Na hiyo tiba ya kujishughulisha bila miwani yoyote ishapimwa vizuri kuliko VR. Uingereza 2016 walitoa matokeo ya watu wazima 440 wenye sonona, nusu wakapewa tiba ya kuzungumza ya wataalamu wenye shahada zao nzito, nusu wakapewa hii ya kujishughulisha na watumishi wa ngazi ya chini waliopewa mafunzo, na baada ya mwaka waliendelea sawa sawa, na hii ya pili gharama yake ikawa ndogo. Huko Harare, Zimbabwe, ndo usiseme, tangu 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi, mabibi kabisa wenye vitenge, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati wanaongea naye. Kishona wanauita ugonjwa huo kufungisisa, mana ake kuwaza sana, ona hata jina wamelitoa walipo. Walipopima kwa watu 573, waliokaa na mabibi walipata nafuu kuwazidi waliopewa huduma ya kawaida ya kliniki, na hayo yalitoka 2016 hiyo hiyo. Benchi, bibi, na utaratibu. Utaratibu ndo watu wanausahau, sio kupiga soga: mnachagua tatizo moja, mnapanga hatua, anarudi kukuuliza umefikia wapi.

Sasa nakuja kwenye kitu kilichonifanya niiweke simu chini nicheke peke yangu, samahani lakini. Unakaa Shangani. Bahari unaisikia ukilala. Hujaikanyaga lini? Kwenye barua nzima hujaitaja, uliyoitaja ni ile ya ndani ya miwani, na ulicheka humo mpaka watu wakatoka jikoni. Sisemi bahari ya kweli itakuponya, ingekuwa hivyo Mtwara kusingekuwa na mgonjwa hata mmoja. Nasema kile cheko kimetuonyesha kitu ambacho hata daktari angefurahi kukiona: mashine ya kufurahi haijafa, inawaka ikipata cha kuiwasha. Shika hiyo, ukifika hospitali waambie.

Kwa hiyo fanya hivi wakati unasubiri siku ya kliniki. Kesho saa kumi jioni, sio asubuhi, asubuhi hutaweza na utajilaumu bure, vaa ndala utembee mpaka feri pale wanapovukia kwenda Msangamkuu. Nenda na dada, au mtoto wa jirani kama dada ana kazi, peke yako utageukia kwenye kona ya kwanza. Usiende "kujisikia vizuri". Nenda kuuliza bei ya pweza. Simama uangalie kivuko kinapakia mpaka kinaondoka, alafu rudi. Kabla hujatoka andika kwenye karatasi raha yako ni ngapi kwenye kumi, ukirudi andika tena. Ikitoka mbili ikaja mbili na nusu, ndo hiyo hiyo, usiidharau. Keshokutwa tena. Siku ya kushindwa kwenda itakuwepo, andika "leo sikwenda" ulale. Karatasi hiyo mpelekee mtu wa kliniki, ataifurahia kuliko maelezo ya nusu saa.

Na joho litoe msumarini. Lisitupwe, mpe mama alikunje aweke sandukuni.

Hela ya korosho isiguswe. Sio kwa sababu miwani ni mbaya, ni kwa sababu uamuzi wa laki tisa unafanywa saa nane usiku na mtu ambaye hajalala miezi minne. Mpe dada ashike mpaka uwe umeenda kliniki angalau mara tatu nne, wala bodaboda usitangulize sasa. Alafu na bei yenyewe muulize binamu vizuri, zile za bei nafuu za Quest (ni aina ya miwani ya VR) zilipotoka 2024 kule Marekani zilianzia kama dola 300, sasa piga hesabu mwenyewe na ushuru na faida yake uone anakula ngapi, binamu ni binamu lakini biashara ni biashara. Na ujue ukinunua, zile programu za mtoto analia na za Stanford sio kwamba utaziwasha tu zipo humo, utakuta samaki, ngumi na kukata matofali kwa panga la taa, na kuvipakua kunataka bando. Na umeme ukikatika, na sisi wa kusini ndo wenye gesi ya Mnazi Bay, chaji ya masaa mawili matatu ikiisha unavua unarudi kwenye ukuta ule ule gizani.

Binamu akija tena nayo, vaa, nani kakukataza. Dakika ishirini inatosha, ukae mahali pasipo kabati, na kama ushawahi kuanguka kifafa usiivae mpaka umuulize daktari. Ukisikia kichefuchefu vua, macho yanauambia mwili tunakwenda na masikio yanasema tumekaa, ni ile ile ya kwenye boti ila kinyumenyume. Na ukivua usikae chumbani, toka hapo hapo nje ukaongee na mtu, kwa sababu wewe kilichokuliza sio miwani, ulilia ulipoivua.

Mjomba sasa. Huku kwetu kusini mjomba ndo mwenye neno, ukimpinga umeshindwa kabla hujaanza, na safari ya Newala itapangwa na nauli itachangwa wewe umelala. Usibishane naye kuhusu mkono wa mtu. Mwambie hivi: mjomba, nashukuru unanihangaikia, naomba wewe ndo unipeleke Ligula, nikishasikia ya huko tutazungumza na mengine. Mpe kazi. Wajomba wengi nimewaona pale mapokezi, wamefika wamenuna, wakisikia daktari anataja dalili moja moja wanaanza kutikisa kichwa, e, huyu ndo yuko hivyo hivyo. Mama naye akisikia ugonjwa una jina ataacha kuuita uvivu. Ila dua wakitaka kukusomea wakusomee, dua haigombani na dawa, cha kukataa ni kitu cha kunywa usichokijua na mtu atakayekwambia uache vidonge.

Kwa baba sijui nikwambie nini, wanaume wa umri wake huwa wanaangalia tu. Ila mtu aliyekaa na mikorosho mwaka mzima, akapulizia, akaokota, akasubiri mnada, alafu akakata milioni na laki mbili akakupa wewe bila masharti, simuoni kama amekukatia tamaa. Siku moja msimu ukianza mwambie baba naenda na wewe Nanyamba, hata kama utakaa chini ya mti tu.

Haya, niandikie wiki ijayo. Nataka tarehe ya kliniki, nataka karatasi yenye namba, na nataka kujua pweza feri sa hizi shilingi ngapi, maana huku Lindi wanatuua.

Anti Somoe